Versailles: Kwa nini chemchemi zinawashwa kwa ratiba? Ni shida ya maji, biashara ya tiketi au mbwembwe za mfalme?

#1 ChausikuWaParis
Wakuu heshima kwenu.
Jumamosi nilimpeleka mama mdogo Versailles, amekuja huku Ufaransa kumsalimia mwanawe. Jumba tumelizunguka, chumba kinafungukia chumba na kila kimoja dhahabu, ule Ukumbi wa Vioo dari lake unalitazama mpaka shingo inakakamaa, hayo mtayaona kwenye picha za watu. Mimi langu ni bustani. Tumeshuka ngazi mapema, mabwawa yametulia tuli, masanamu yamekodoa macho, spika zimefichwa kwenye ua zinapiga muziki wa kizamani, maji hakuna. Ulipofika muda ulioandikwa kwenye karatasi, fyaaa, yanaruka kila upande, watu mbio na simu. Muda ukaisha yakakata. Mama mdogo akaniuliza, kwani na mfalme mwenyewe alikuwa anaangalia ratiba?
Nikakosa la kumjibu. Mwenye kujua atuambie, ile ni shida ya maji, ni biashara, au ndivyo ilivyokuwa toka enzi za mwenyewe?

#2 MzeeWaPembeni
Nakaa hapa na kahawa yangu. Wajuzi waje.

#3 Fundi_Koki
Dada umeingia kwenye fani yangu. Mimi fundi bomba, nilipofika pale muda wote nilikuwa natazama mifuniko ya chini badala ya masanamu mpaka mke wangu akanuna.
Ipo hivi. Pale hakuna mto. Louis wa 13 alijenga kijumba cha kuwindia 1623, pori na vinamasi, akaja mwanawe Louis wa 14 akang'ang'ania hapo hapo, halafu juu yake anataka mirija ya kurusha maji zaidi ya elfu moja. Na zile chemchemi hazikuwa na pampu ya kuzisukuma. Maji yanapandishwa kwenye mabwawa na matangi yaliyo juu, kisha yanashuka yenyewe kwa uzito wake, kimo cha tangi ndicho kinaamua yaruke urefu gani, sawasawa na simtanki lako la juu ya mnara, ulishushe usawa wa dirisha uone kama bafuni hayachuruziki. Tangi likiisha limeisha. Kwa hiyo ndiyo, mfalme alikuwa na ratiba, tena ya kubana kuliko ya mama mdogo.

#4 Mbishi_Mstaarabu
Fundi nakuheshimu lakini hiyo ni historia, leo kuna umeme. Pampu za kisasa zinamaliza hiyo kazi asubuhi tu. Hapo ni pesa. Siku zisizo na onyesho bustani unaingia bure, siku za onyesho unalipia. Maji yakiruka kutwa kila siku nani atanunua tiketi? Usitupige chenga.

#5 Wambui_wa_Lyon
Mbishi nusu umepata, nusu umekosa. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba ndio msimu, wikendi wanafungulia chemchemi na kuna wakati wanaongeza siku katikati ya wiki. Hizo siku zingine za msimu mara nyingi ni muziki na chemchemi chache, na hiyo pia unalipa. Novemba mpaka Machi ndio bustani ni bure, lakini wakati huo masanamu kibao yamefunikwa na maturubai juu ya baridi, kwa hivyo unaingia bure kuangalia maturubai 😂
Halafu tafadhali, Jumatatu jumba hufungwa. Kila nikipita huko Jumatatu naona familia imesimama kwa geti ikiulizana nani alipanga hii safari.

#6 Fundi_Koki
@Mbishi_Mstaarabu umeme upo na pampu zipo, nani kakataa? Maji yakishatumika yanateremka hadi Mfereji Mkuu kule chini, yanapandishwa tena juu, ni mzunguko. Lakini mtandao wa mabomba chini ya ardhi kwa sehemu kubwa ni ule ule wa zamani, chuma cha enzi za Louis wa 14, na kwenye chemchemi zenyewe kuna mabomba ya risasi ambayo mafundi wake wanayakunja na kuyachomelea kwa mkono mpaka leo. Ukiyapa presha kutwa nzima siku saba unayaua. Hiyo sababu ya pili. Tiketi naiweka ya tatu ili usilale na njaa.

#7 BintiMaktaba
Naomba niongeze. Hata mfalme akiwepo zilikuwa haziruki zote kwa pamoja. Za karibu na jumba, zile anazoziona dirishani, ndizo ziliachiwa muda mrefu. Zile za ndani kwenye vijisitu vyenye kuta za miti zilisubiri mkubwa apite. Inasimuliwa mafundi wa maji walipeana ishara kwa filimbi, mfalme akikaribia inafunguliwa hii, akipinda kona inafungwa, inafunguliwa ya mbele yake. Kazi hiyo ilishikwa na ukoo wa Francine, asili yao Waitaliano wa Florence, wakarithishana.

#8 Mbishi_Mstaarabu
Kumbe mtukufu alikuwa anachezewa mchezo 😂😂 anadhani ana maji kutwa nzima kumbe kuna vijana wamejificha vichakani na filimbi.

#9 BintiMaktaba
Alijua kila kitu. Huyu mtu aliandika mwongozo kwa mkono wake jinsi ya kuwaonyesha wageni ile bustani, anakwambia toka nje ya jumba, simama juu ya ngazi, tazama mabwawa, geuka, teremka kwenye bwawa la Latona, pumzika hapa, nenda pale. Mgeni anatembezwa kwa mstari. Ndiyo maana mimi sikubaliani na Fundi kwamba yote ni uhaba. Le Nôtre, mtengeneza bustani wa mfalme, alianza kuitengeneza 1661 na kila njia aliinyoosha ili jicho lako liende anakotaka mwenye nyumba. Ile ni tamthilia na maji ni waigizaji, hawawezi kukaa jukwaani wote toka mwanzo. Hata angekuwa na maji ya mto Kongo nadhani angeyafunga na kuyafungua.

#10 Fundi_Koki
Dada Binti umeandika vizuri lakini mtu ambaye uhaba kaupenda mwenyewe asingefanya alichofanya Marly. Ngoja nipate muda niandike.

#11 Kipara_Ngoto
Mimi nilisikia jumba zima halikuwa na choo hata kimoja, watu wanamalizana na mambo yao nyuma ya mapazia. Yaani maji ya kurusha hewani yapo, ya chooni hakuna?

#12 Wambui_wa_Lyon
Nilikuwa nahesabu nione nani ataleta choo kwanza 😂

#13 DaktariWaMtaa
@Kipara_Ngoto hapana, hiyo imetiwa chumvi. Wakubwa walikuwa na viti vyenye tundu na chombo chini, vingine vimevikwa velveti, mtumishi anakwenda kumwaga. Vyoo vya jumuiya vilikuwepo pia ila jumba lilikuwa na maelfu ya watu, wakuu, watumishi, askari, wachuuzi, na wageni kila siku, havikuwatosha, kwa hiyo malalamiko ya harufu ni ya kweli. Choo cha kuvuta maji kilikuja wakati wa Louis wa 15. Na wanaosema Louis wa 14 hakuoga, alikuwa na vyumba vya kuogea vya marumaru hapo hapo, beseni lake la pembe nane siku hizi limewekwa kwenye jengo la michungwa.

#14 Kipara_Ngoto
Shukrani daktari. Mapazia nayafuta ila kwa shingo upande.

#15 Fundi_Koki
Haya, Marly. Kwanza walimaliza maji ya bwawa la Clagny hapo jirani, farasi wanazungusha pampu, vinu vya upepo vinarudisha maji juu, hayatoshi. Wakachimba mabwawa na mifereji uwandani kukusanya mvua, hayatoshi. Ndipo ikajengwa ile mashine ya Marly kwenye mto Seine, ikazinduliwa 1684. Magurudumu 14 makubwa ya mbao yanazungushwa na mto, yanasukuma pampu zaidi ya 200 zilizopangwa kwa hatua kwenye mlima, maji yanapanda zaidi ya mita 150 hadi juu kwenye mfereji wa mawe. Aliyeunda ni Rennequin Sualem, seremala kutoka pande za Liège, pamoja na Arnold de Ville ambaye ndiye aliyekuwa na mdomo wa kuongea na wakubwa, mnajua hizo kazi zinavyokwenda. Kelele zake majirani walikoma, minyororo na mbao zinalia usiku na mchana, kitu kinavunjika kila mara.
Na bado hayakutosha! Maana mfalme alikuwa na jumba lingine hapo Marly lenye chemchemi zake, sehemu ya maji ikaishia huko. 1685 wakaanza kuuleta mto Eure, kilomita zaidi ya 80, Vauban, mhandisi wa jeshi la mfalme, kachora mfereji wa juu wa kupita Maintenon, askari kwa maelfu wakachimba, homa za vinamasi zikawapukutisha, vita vikaanza 1688 kazi ikasimama na haikurudiwa. Matao yake yamesimama mpaka leo Maintenon, hayajawahi kupeleka tone Versailles. Sasa Dada Binti, mtu anayefanya tamthilia anazika askari kwa ajili ya maji?

#16 BintiMaktaba
Anazika, ndiyo. Tamthilia ya mfalme haina bajeti. Tena umenisaidia, hakuna anayehangaika hivyo ili akaoshe vyombo.

#17 Mbishi_Mstaarabu
Hapa nimeinua mikono kuhusu mfalme. Kuhusu leo bado nasimama na tiketi.

#18 Mwana_wa_Kalenga
Wakuu nyie mnabishana koki, sisi watu wa Iringa Versailles tunaijua kwa jambo lingine. Mkataba wa amani wa 28 Juni 1919 ulisainiwa ndani ya huo Ukumbi wa Vioo, na ndani yake kipengele cha 246 kinaidai Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya miezi sita. Mkwawa ametajwa kwenye mkataba mmoja na mipaka ya Ulaya. Watalii wanapiga picha na vioo 357, mimi nilisimama pale nikawaza babu yetu.

#19 ChausikuWaParis
Hee! Nimetembea mule mule na hakuna aliyeniambia. Hiyo miezi sita ilitimizwa?

#20 Mwana_wa_Kalenga
Thubutu. Wajerumani walijibu hawalijui liliko. Lilirudi 1954, gavana Twining alilichagua kwenye jumba la makumbusho Bremen, likapelekwa Kalenga na lipo pale mpaka leo ukienda unaliona.

#21 Mchokozi_Mbeya
Samahani kaka, tena kwa heshima. Alilichagua kwa kupima vipimo vya kichwa akilinganisha na watu wa ukoo, kati ya mafuvu mengi ya kabatini. Kuna wanaohoji mpaka kesho kama ndilo lenyewe.

#22 Mwana_wa_Kalenga
Wanaohoji waje Kalenga wahojie pale mbele ya wazee. Lilikuwa na tundu la risasi, na Mkwawa alijipiga risasi 1898 asikamatwe. Kwetu imetosha.

#23 Mchokozi_Mbeya
Matundu ya risasi kwenye yale makabati hayakuwa moja. Ila naishia hapo, sitaki ugomvi na Wahehe.

#24 Mwl_Mstaafu
Vijana hamjambo. Nirekebishe kitu kabla hakijaota mizizi, maana nimeshaona mahali watu wanaandika kwamba Tanganyika iligawiwa ndani ya Ukumbi wa Vioo. Mkataba wenyewe kipengele cha 119 unasema Ujerumani inaachia makoloni yake kwa mataifa makubwa washirika, basi. Nani achukue nini yalikuwa mazungumzo mengine, Waingereza na Wabelgiji walipatana wao kwa wao 1919 hiyo hiyo ndipo Ruanda na Urundi zikaenda Ubelgiji, na udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule ukathibitishwa 1922.

#25 Kaka_wa_Buja
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo sisi tulipatanwa pembeni hata Ukumbi wa Vioo hatukuuona 😅

#26 Mwl_Mstaafu
Marahaba. Ndiyo maana yake. Na watu wa Mtwara wajue kipande cha Kionga, kusini ya Ruvuma, kikaenda kwa Wareno kipindi hicho hicho.

#27 MzeeWaPembeni
Kahawa ya pili hii. Uzi ulianza na maji, umepita chooni, sasa uko Ruvuma.

#28 Kombe_la_Pwani
Naurudisha majini kidogo. Kuna kijisitu pale kinaitwa Ukumbi wa Dansi, ngazi za mawe zinateremka nusu duara, maji yanatiririka juu yake, na mawe yamepambwa kwa makombe ya bahari. Hayo makombe yaliletwa kutoka pwani za Afrika na Madagaska, miaka ya 1680. Nilivyoona nikasema hizi si zetu? Hebu mwenye kujua zilitoka ufuko gani aseme nikadai.

#29 Mbishi_Mstaarabu
Utapewa ratiba ya kudai, saa tano mpaka saa sita, na tiketi.

#30 Mtoto_wa_Katanga
Bandugu jambo yenu. Mimi wa Lubumbashi, niko Bruxelles. Munasema makombe, na tembo je? Mfalme wa Ureno alimutumia Louis tembo moja ya kutoka Kongo mwaka 1668. Ilikaa kule kwa zizi ya wanyama ya Versailles karibu na Mfereji Mkuu miaka 13, banaikulisha mikate na supu na divai kila siku, ikakufa 1681. Wasomi bakaipasua, mifupa yake iko Paris kwa makumbusho mpaka sasa. Maisha yote banasema ni dume, kuipasua banakuta ni jike!

#31 Kipara_Ngoto
Divai kila siku? Huyo tembo aliishi vizuri kuliko askari wa mto Eure.

#32 DaktariWaMtaa
Divai, baridi, na zizi. Tembo wa porini anaishi miaka sitini. Sina uhakika na hilo neno vizuri.

#33 Mpanda_Miti
Wadau, nyie wote mmesahau miti. Mimi nilivyotembea nilijiaminisha ile miti mikubwa ilimwona mfalme kwa macho. Mlinzi mmoja akanicheka. Louis wa 16 alipoingia tu madarakani aliikata karibu yote ikapandwa upya, 1774 na 1775, halafu kimbunga cha Desemba 1999 kikaangusha kama 10,000 kwenye eneo lote. Ila walichofanya baada ya hapo wajanja, walitumia nafasi hiyo kurudisha vijisitu karibu na michoro ya zamani. Kwa hiyo Dada Binti hata hiyo njia iliyonyooshwa na Le Nôtre, miti ya pembeni ni vijana wa juzi.

#34 BintiMaktaba
Njia ni ya Le Nôtre, miti ni ya zamu. Na ile michungwa ya kwenye maboksi usiisahau, zaidi ya elfu moja pamoja na ndimu na makomamanga na mitende, majira ya baridi inaingizwa ndani ya jengo lake halina hata moto, kuta nene tu na madirisha yanayotazama kusini, Mei inatolewa nje.

#35 Fundi_Koki
Kuta nene na jua. Hapo hata mimi navua kofia, hakuna koki.

#36 Mama_Nasra_Muscat
Assalamu alaykum. Nategemea kwenda na wazee wawili, magoti mabovu, mwezi wa sita. Tunafikaje na tuanzie wapi? Na mniambie ukweli kuhusu kutembea.

#37 Wambui_wa_Lyon
Wa alaykum salam mama. Panda treni ya RER C mshuke kituo cha Versailles Château Rive Gauche, angalieni ubao vizuri maana RER C ina matawi mengi, kutoka kituoni ni mwendo wa dakika kumi hivi. Jumba nunua tiketi ya saa mapema kwa mtandao. Kutembea ukweli ni mrefu, ule mfereji peke yake zaidi ya kilomita moja na nusu, changarawe na ngazi nyingi. Kuna kitreni kinachoenda mpaka Trianon, yale majumba madogo ya mfalme huko mbali bustanini, na vigari vidogo vya umeme vya kukodi, wazee wapande hicho. Trianon inafunguliwa saa sita mchana kwa saa zetu, usiwakimbize asubuhi.

#38 BintiMaktaba
Na kama ni siku ya chemchemi usiwatoe mapema. Bwawa la Neptune linafunguliwa mwisho kabisa jioni, wakati watu wengi wameshaenda kituoni. Kuna nyasi pembeni ya mteremko, wazee wanakaa tu wanatazama.

#39 Fundi_Koki
Hilo la Neptune liko chini kuliko mengine ya upande ule, ndiyo maana lina nguvu. Kimo, kimo, kimo.

#40 BintiMaktaba
Ni la mwisho kwa sababu ni kilele cha onyesho.

#41 Mbishi_Mstaarabu
Ni la mwisho ili mle na kunywa pale ndani mpaka jioni. Mahesabu mepesi tu hayo.

#42 Mama_Nasra_Muscat
Ahsanteni wote. Na kiti cha magurudumu kinapita kwenye hizo changarawe au kinazama?